Hamira ya Kujaza Lori

Dereva wa lori aliingia ofisini bila kubisha hodi. "Nani kaagiza hamira? Naomba watu wa kushusha. Tani moja na nusu."

Mama mkubwa, mwenye kiwanda cha mikate, aliweka kikombe chini. "Tani? Baba, hapa tunaumua mikate, hatuumui milima."

Karani wa hesabu, binti wa mdogo wake, aligeukia kompyuta haraka. Oda ile aliiandika yeye jana, kwenye programu mpya aliyoisifia wiki nzima. Na leo ndiyo siku ya Mama mkubwa kuamua: amwajiri au amrudishe kwa mama yake.

Akaifungua oda. 1.500. Ndivyo mizani ya stoo inavyoonyesha kilo moja na nusu, nukta kisha tarakimu tatu, naye akanakili kama alivyozoea. Kumbe kwenye programu mpya nukta ni ya kutenga maelfu. Vipande vya kilo vinataka mkato. Ikasoma kilo elfu moja na mia tano, ikampelekea muuzaji bila kupepesa macho.

"Mama mkubwa, ni nukta tu."

"Nukta gani hiyo inayobebwa na lori?"

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. "Dada, ungeandika tembo ningepakia tembo. Nipe hati ya kurudisha mzigo, itoke humo humo kwenye mashine. La sivyo, nashusha."

Karani akaanza kuandika kilo za kurudisha: 1.498,5. Mama mkubwa alikuwa amemwinamia begani.

"Hicho nini?"

"Mkato."

"Na hiyo nukta? Wamebadilishana kazi?"

"Ndiyo."

"Bila hata kuniaga!"

Hati ikatoka. Dereva akaisoma, akapima kilo moja na nusu, akaziacha, akaliondoa lori huku bado anacheka peke yake.

"Mama yako nimeshampigia," alisema Mama mkubwa, simu ikiwa bado mkononi. Karani akainamisha kichwa. "Nimemwambia hurudi. Mashine hii ina vituko, na humu ndani anayevijua ni wewe peke yako. Ila kabla ya kubonyeza, unisomee kilo kwa mdomo."

Mwokaji akachungulia. "Chumvi imekwisha!"

"Kilo ishirini na tano!" karani akapaza sauti. "Kamili! Hazina nukta, hazina mkato, hazina..."

"Bonyeza, mwanangu, watu wanataka mikate!"