Pampu ya Ngama

Nehemia alikuwa fundi kwenye boti ya kuvulia jodari, boti ya fiberi yenye tangi la chambo hai katikati. Alishughulika na injini, na alishughulika na maji. Maji mapya yalipaswa kuingia tangini muda wote, maana dagaa wakiyakosa kidogo tu huelea matumbo juu, na jodari hagusi chambo kilichokufa. Maji yaliyozidi yalishuka kwa mpira uliopita chini ya sakafu mpaka kwenye tundu la ubavuni, yakarudi baharini. Chini kabisa, kwenye ngama, kulikuwa na pampu nyingine ya kutoa maji yaliyovuja.

Nahodha alikuwa Shaame, Mpemba wa makamo aliyehamia Sahare na mkewe Mwanakhamis. Mtu mkali, lakini hakuwa mwonevu. Wa tatu alikuwa Yussuf, mvuvi wa mshipi.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, nchi kavu imeshapotea nyuma yao, pampu ya tangi ilipokufa. Nehemia aliinusa tu akajua.

"Imeungua."

Shaame akachungulia tangini. Dagaa walikuwa wamejazana juu, midomo wazi.

"Itoe ile ya ngama uifunge hapa," akasema.

"Nahodha, ngama itabaki bila pampu."

"Boti haivuji, yakhe. Mwezi mzima hatujatoa hata ndoo moja. Tukirudi utairudisha."

Nehemia hakubisha mara ya pili. Alitambaa kwa tumbo chini ya sakafu, akaifungua pampu, akaanza kurudi kinyumenyume. Njiani kiwiko chake kikagonga kitu laini, kikasogea. Alijua ni mpira wa tangi. Alitaka kugeuka autazame, lakini nafasi haikuwapo, harufu ya dizeli ilikuwa inamchefua, na juu Shaame alikuwa anaita, "Fanya haraka, wanakufa hawa!" Akatoka.

Pampu ikawashwa. Dagaa wakaanza kuzunguka tena, na Yussuf akapiga makofi kwa furaha. Siku zote, baada ya kuwasha, Nehemia huinama ubavuni kuhakikisha maji yanatoka kwenye tundu. Siku hiyo jodari walikuwa wameshaanza kula. Akashika mshipi.

Walikuwa wameshapandisha wanne Yussuf alipotazama nyuma ya boti na kuuliza, "Mbona tezi imezama hivi?"

Nehemia akainua kifuniko cha sakafu. Maji meusi yenye mafuta yalikuwa yamefika kwenye betri. Akazima pampu palepale, lakini alikuwa amechelewa. Boti ilikuwa imeshalemewa, tundu la ubavuni limeingia chini ya maji, na sasa bahari yenyewe ilikuwa inapita humo.

"Mpira umechomoka! Lazima tuzibe tundu!"

Shaame alikuwa ameshavua shati, analiviringisha.

"Nishuke mimi," Nehemia akasema. "Mimi mwembamba."

"Wewe unaijua injini. Ikizimika tumekwisha. Yussuf, fua maji!"

Shaame akaingia chini ya sakafu. Yussuf alikuwa akichota kwa ndoo na kumwaga, akichota na kumwaga, na waliisikia sauti ya Shaame kutoka chini: "Nimelipata!" Mara injini ikakohoa, ikanyamaza. Boti ikageuka ubavu kwa mawimbi. Wimbi moja tu, wala si kubwa, likapanda tezini, maji yote ya ndani yakakimbilia upande mmoja, na boti ikapinduka.

Nehemia na Yussuf waliibuka karibu na kasha la barafu, wakalishika. Boti ilikuwa inaelea, mgongo juu. Ndani yake mtu alikuwa anagonga.

Nehemia akapiga mbizi. Kifuniko kilikuwa kimejifunga, kamba na mishipi imekizonga. Akaibuka, akavuta pumzi, akarudi. Kugonga kulikuwa kunaendelea. Alipoibuka mara ya tatu, Yussuf alikuwa analia kwa sauti, na hapakuwa na kitu kingine cha kusikia.

Wavuvi wa Tongoni waliwaokota adhuhuri, wakaikokota boti mpaka maji haba. Shaame akazikwa kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa.

Matangani watu walisema ni kazi ya Mungu. Yussuf alieleza kwamba nahodha mwenyewe ndiye aliyeamuru pampu itolewe, na huo ulikuwa ukweli. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Wendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nehemia akainuka, akaondoka mkekani.

Siku ya saba alirudi. Mwanakhamis alikuwa eda, kwa hiyo Nehemia alikaa barazani, na mjane akamsikiliza kutoka nyuma ya pazia, dada yake Nasima akiwa kando yake.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba."

"Wameshakwambia habari ya pampu."

"Wameniambia. Kuwa ni amri yake."

"Ilikuwa amri yake. Lakini mpira niliuchomoa mimi, kwa kiwiko, nilipokuwa natoka. Nilihisi umesogea. Sikuutazama."

Mwanakhamis akalisogelea pazia.

"Nani mwengine ayajuaye haya?"

"Hakuna."

"Hata Yussuf?"

"Hata yeye."

"Basi nijibu na hili, maana wenzio wananificha. Aligonga?"

Nehemia akainamisha kichwa. "Aligonga."

"Muda gani?"

"Nilipiga mbizi mara tatu. Mara mbili za kwanza alikuwa bado anagonga."

Akasikia Nasima akisema, "Basi, dada, basi," kisha kilio kizito, cha mtu aliyekizuia siku saba. Nehemia hakujua aondoke au akae. Akakaa.

Hatimaye Mwanakhamis akasema, "Sikulaani. Ila usirudi hapa, hata eda ikiisha."

Jioni hiyo alimtafuta Yussuf ufukweni, akamweleza naye. Yussuf alisikiliza mpaka mwisho, akaokota mishipi yake, akaenda kukaa na wavuvi wengine. Mwezi uliofuata Nehemia alihamia kwao Muheza. Hutengeneza pampu za visima.