Wenyewe Waliomba Kijani

Maji yalianza kwa adabu, chini ya mlango, kisha yakaacha kubisha hodi. Mama Pasi alikuwa ameshapandisha vitu: mkaa juu ya kabati, unga juu ya mkaa, na nguo za wateja juu kabisa, kwenye kamba iliyofungwa chini ya bati. Kulikuwa na mashati ya mwalimu, mashuka ya nyumba ya wageni, na suruali ya kijana mmoja aliyekuwa anaoa Jumamosi. Yeye mwenyewe alisimama juu ya tofali, pasi ya mkaa mkononi, akaendelea kunyoosha. Mvua haimwondolei mtu kazi, na bwana harusi haendi kuoa na mikunjo.

"Mkwe," mama mkwe wake aliita kutoka kitandani. Kitanda kiliinuliwa kwa matofali, na bibi huyo hakuwa amekanyaga chini tangu alipopata kiharusi. "Maji yamefika wapi?"

"Kwenye vifundo tu, mama."

"Vya nani?"

"Vyangu."

"Haya. Yakifika kwenye vyangu uniambie nivue viatu."

Walicheka wote wawili. Wangefanya nini? Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha kwanza Mama Pasi alikijenga na marehemu mumewe, wakifyatua matofali wenyewe siku za mapumziko. Cha pili alikijenga peke yake, kwa pasi hiyohiyo. Hati hakuwa nayo, na mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Bonde lilikuwa mahali ambapo watu wa mlimani hawakupataka. Watu wa mlimani walikuwa na mitaro mizuri ya saruji, nayo mitaro hiyo iliishia pale bonde linapoanzia, kama mtu aliyefagia uchafu hadi kizingiti cha jirani akaweka ufagio chini.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti, suruali ameikunja hadi magotini.

"Mkutano wa maoni! Mpango wa jiji lote na vitongoji vyake kwa miaka thelathini ijayo! Wananchi mnashirikishwa!"

"Thelathini!" mama mkwe alisema dirishani. "Mimi nilio nao ni mchana wa leo, na wenyewe sijauona mwisho."

"Bibi, usifanye mzaha. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mama Pasi aliyapima maneno hayo, akayaona ni ya haki. Mara zote mambo yao yaliamuliwa wakiwa hawapo. "Nitakwenda," alisema. "Nitaomba mtaro."

Mkutano ulifanyika shuleni, katika darasa lililoondolewa madawati. Katikati palikuwa na ramani kubwa kuliko kitanda. Watu waliizunguka, kila mtu akitafuta kwake. Hospitali iliandikwa, soko liliandikwa, hata makaburi yaliandikwa. Bonde lao lilikuwa doa jeupe lisilo na jina. Fundi Spoki, mtengeneza baiskeli aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe, ndiye aliyeligundua.

"Shemeji, njoo uone. Sisi ni karatasi tupu."

Aliyewaongoza alikuwa binti mmoja mpole, mwenye kitambulisho shingoni, aliyemwamkia kila mtu mzima shikamoo kabla ya kumkabidhi vibandiko vyake. Vilikuwa vya duara, vidogo kama vifungo vya koti. "Bluu ni barabara kubwa," alieleza. "Njano ni biashara. Kijani ni miti, bustani, hewa safi, mahali pa watoto kucheza. Mbandike pale mnapotaka kitu hicho kiwepo. Hakuna jibu la makosa."

Mama Pasi alinyoosha mkono. "Na mtaro ni rangi gani?"

Binti aliangalia karatasi yake. "Mtaro, mama, ni suala la matengenezo. Lina idara yake. Hapa tunaangalia mbali zaidi."

"Mbali zaidi ya mtaro?"

"Miaka thelathini, mama."

Watu walitazamana. Barabara kubwa waliiogopa, kwa kuwa barabara kubwa haiji bila kuvunja nyumba ya mtu. Hilo walilijua vizuri. Biashara walikuwa nayo ya kutosha, ya kuuziana wao kwa wao. Basi Mama Pasi alichukua vibandiko vyake vya kijani, akakadiria kwa kidole kutoka daraja hadi shule, na shule hadi kwake, akabandika vyote hapo. Aliwaza mti mmoja mlangoni. Aliwaza mama mkwe wake ametolewa nje jioni, ameketi, anawasema wapita njia. Mpiga picha alimwomba abandike tena, atabasamu, na yeye akatabasamu.

"Ala! Shemeji amejipa msitu," Fundi Spoki alisema. "Mimi je?" Akabandika vyake. Muuza maji akabandika vyake. Kila mvuta kamba huvutia kwake, na wote kwao palikuwa hapohapo, kwa hiyo doa jeupe likajaa kijani mpaka vibandiko vikapanda juu ya vibandiko. Walisukumana, wakacheka, wakanywa soda. Siku ile Mama Pasi alirudi nyumbani akiimba. Alimweleza mama mkwe jinsi walivyoulizwa, jinsi yule binti alivyosema asante, na jinsi hakuna aliyewafokea.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," mama mkwe alisema, naye akalala akiwa amefurahi.

Mvua ziliisha. Matope yalikauka, yakapasuka. Walipoitwa tena, safari hii walitumiwa basi, likawapeleka ukumbi wa mjini wenye viti vya kitambaa na ubaridi wa mashine. Watu wa mlimani nao walikuwepo, wamekaa mbele. Mtaalamu mkuu alisimama kando ya skrini. Mama Pasi alimtazama shati kwanza, kwa mazoea ya kazi: kola imenyooshwa na mtu anayejua, mikono imepigwa wanga.

"Tulichowaletea leo," mtaalamu alisema, "si mawazo yetu. Ni yenu."

Skrini iliwaka. Jiji lote lilikuwa la kijivu na njano, na katikati yake, palipokuwa na bonde, palikuwa na bustani kubwa ya kijani yenye njia za kutembea na ziwa dogo la kukusanyia maji ya mvua. Watu waliochorwa walitembea na mbwa. Nyumba haikuwepo hata moja.

"Kati ya maeneo yote ya mpango huu," mtaalamu aliendelea, "hakuna ambapo wananchi waliomba kijani kwa wingi kama hapa. Wataalamu tulishangaa. Tulifikiri tungelazimika kuwashawishi." Picha ikabadilika, akatokea Mama Pasi, mkubwa kama ukuta, kidole juu ya ramani, meno yote nje. Ukumbi ulipiga makofi. Watu wa mlimani waligeuka kumtafuta.

Alisimama. Hakujua kama ameitwa au amejiita. "Mimi niliweka pale kwa sababu ndipo ninapoishi. Nilitaka mti. Mlangoni."

"Na miti utaipata, mama," mtaalamu alisema kwa upole mkubwa. "Maelfu."

"Na mlango?"

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Mtaalamu naye alicheka kidogo, kisha akaweka uso wa kazi. "Swali zuri sana. Suala la makazi lina awamu yake, na maoni yatakusanywa. Naomba niwahakikishie wakazi wa bondeni: kwa kuwa eneo halina hati, fidia ni ngumu kisheria, lakini mtapewa kipaumbele katika kushirikishwa."

Makofi tena. Mwenyekiti wa mtaa naye alipiga, akatazama kushoto na kulia, akapunguza.

Basi liliwarudisha hadi darajani. Kisha wote wakasema kwa pamoja. Nani alianza kubandika? Nani alijichekesha mbele ya kamera? "Shemeji, sikulaumu," Fundi Spoki alisema bila kumtazama, "lakini wewe ndiye uliyeanza." Naye alikuwa amebandika vyote vyake, hata vya mkewe aliyekuwa mgonjwa siku ile. Mama Pasi alimkumbusha, wakagombana kwa sauti, watu waliomzika pamoja marehemu mumewe. Wiki iliyofuata muuza maji aliacha kumletea nguo. Alimwambia mtu kwamba hampi kazi aliyeuza mtaa.

"Mlikaangwa kwa mafuta yenu wenyewe," mama mkwe alisema baada ya kuelezwa yote. Hakusema kwa ukali. "Mwenyekiti si alisema asiyekuwepo na lake halipo? Nyinyi mlikuwepo. Lenu liko wapi?"

Mama Pasi alitia mkaa kwenye pasi. Aliogopa, na woga ule haukumpa hata usingizi wa kumwondolea uchovu. Mwanamke mwenye miguu angeweza kuhama hata kesho, akapanga chumba popote. Lakini nani angempangisha mwanamke na kitanda chenye mtu juu yake?

Alikwenda ofisi ya mpango amevaa gauni lake bora, amelinyoosha mara mbili. Mlinzi alimwelekeza kwa mwingine, mwingine akamrudisha kwa mlinzi, mwisho akatokea yule binti mwenyewe, amebeba majalada.

"Shikamoo mama! Wewe si ndiye wa picha?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuvitoa vibandiko vyangu."

Binti alisita. Kisha, pengine kwa huruma, pengine kwa kukosa la kusema, alimpeleka chumba cha nyuma ambako ramani ilikuwa imeegemezwa ukutani pamoja na viti vibovu. Mama Pasi aliinama, akakadiria kwa kidole kutoka daraja hadi shule, na shule hadi kwake. Alianza kubandua kwa kucha. Gundi ilikuwa imeshika. Kila kibandiko kilitoka na kipande cha ramani. Binti alisimama mlangoni akiangalia koridoni asije mtu.

"Hivi ndivyo vyangu," Mama Pasi alisema, akamwonyesha kiganja. "Sasa waambie nimevitoa."

"Mama." Binti alishusha sauti. "Hiyo ni karatasi. Vilishahesabiwa, viko kwenye kompyuta, viko kwenye ripoti, ripoti ilishapitishwa. Hata ukibandua ramani nzima."

"Wewe ndiye uliyetuambia hakuna jibu la makosa."

"Ndivyo nilivyofundishwa kusema."

"Na wewe unakaa wapi, mwanangu?"

Binti alitaja mtaa wa mbali, nyumba ya kupanga. "Kwetu bado hawajafika," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyejisikia akisema kitu.

Mama Pasi aliitwa kwenye awamu ya makazi, akaenda. Hakubandika chochote safari hiyo, wala jirani yake yeyote. Walikaa wamekunja mikono kama watoto waliogoma kula. Taarifa ya baadaye ilisema kwamba wakazi wa bondeni hawakuwa na pingamizi.

Siku ya kuvunja hapakuwa na vurugu. Hilo lilimuumiza zaidi, kwamba hapakuwa na hata mtu wa kumchukia. Askari walisema samahani. Dereva wa tingatinga alingoja kila nyumba itoe vyombo. Mwenyekiti wa mtaa alipita na kizibao cha kung'aa, akihimiza watu waharakishe, ingawa nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya tano katika mstari. Wanaume wanne, Fundi Spoki mmoja wao, waliingia, wakainua kitanda na mama mkwe juu yake, wakakitoa nje na kukiweka penye tambarare. Mlango ulikuwa mwembamba, iliwabidi waung'oe. Bibi alikodoa macho. Alikuwa hajaliona anga lote kwa pamoja kwa miaka.

"Kumbe jua bado ni kali hivi," alisema.

Chumba cha pili kilianguka kabla ya cha kwanza. Mama Pasi alilia waziwazi, pasi mkononi, maana hakujua aiweke wapi. Kisha alifuta uso akaanza kufunga nguo za wateja. Nguo za watu ni amana, ziwe na nyumba au zisiwe nayo.

Yule binti alikuja akiruka matofali, kompyuta ya mkononi kifuani. Aliamkia. Hakuwatazama usoni.

"Nimetumwa kukusanya maoni kuhusu aina za miti," alisema. "Wameniambia nianze na nyinyi, kwa kuwa nyinyi ndio wenye eneo."

Nyuma yao tingatinga lilirudi kinyumenyume likilia.

"Aina za miti?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani. Uso wake ulikuwa umeanza kuloa jasho, na mkono mmoja, ule uliokuwa bado unamtii, ulijaribu kufunika macho.

"Ndiyo, bibi. Ya maua, ya matunda, au ya kivuli."

Bibi alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa atakula nini. "Ya kivuli," alisema. "Tena wapande hapa."

Binti alibonyeza. "Asante, bibi. Tumeipokea."

Mama Pasi alichomoa shuka moja la nyumba ya wageni kutoka kwenye furushi, jeupe, alilolinyoosha jana yake, akalitandaza hewani kwa mikono miwili juu ya uso wa mama mkwe wake. Alisimama hivyo. Jua lilikuwa bado la asubuhi. Mikono ilipoanza kuchoka aligeuza shingo amwombe binti amshikie ncha moja, lakini binti alikuwa ameshafika kwa Fundi Spoki, aliyeketi juu ya godoro lake, na alikuwa anamuuliza angependa mabenchi yaelekee upande gani.