Rubani Aliyekufa Mara Mbili

"Baba ameshatua?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Bibi Halina kila asubuhi. Kiti chake kilikaa roshani, ghorofani, kule Al Wukair, nje kidogo ya Doha, na kutoka pale ndege za uwanja wa mji huo zilionekana zikishuka moja nyuma ya nyingine kutwa nzima. Kila moja aliikazia macho mpaka ipotee, kisha hunigeukia mimi. "Bado?"

Msinishangae kwamba bibi wa Kipolandi aliniuliza kwa Kiswahili. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, yeye na mama yake walichukuliwa kwa nguvu hadi Siberia, wakazungushwa Uajemi, mwisho wakaletwa kambi ya Tengeru, jirani na Arusha. Alikulia pale, akicheza na watoto wa Kimeru waliokuja kuuza ndizi. Uzee ulipomwingia kichwani ulimfuta Kiingereza chote, ukamwachia Kipolandi na kile Kiswahili cha utotoni, cha "mimi taka maji, wewe leta". Ndiyo maana mwanawe, Bwana Konrad, mhandisi, alimtafuta mtu wa Tanzania wa kumlea mama yake, akanipata mimi, Mwanamkuu wa Pangani.

Habari za huyo baba, rubani wa vita, nilizipata vipande vipande, wakati namchana nywele. Vita vilipoanza, baba yake alipaa na kindege kikuukuu kuwakabili Wajerumani. Walizidiwa. Akatorokea Rumania, akaenda Ufaransa, nako kukaanguka, akavuka mpaka Uingereza, na huko ndiko alikopewa ndege ya maana. Akapigana huko juu hajui mkewe na binti yake wako wapi, nao hawajui kama yu hai.

Siku moja padri aliingia kambini Tengeru, akamsimamisha mama yake Halina njiani. Mumeo ameanguka baharini, amekufa.

"Hivyo tu," Bibi Halina aliniambia. "Mama ameshika ndoo."

Walivaa nyeusi mwaka mzima. Kumbe mwenyewe aliopolewa na meli ya doria, mikono imeungua lakini roho ipo! Binti alikuja kumwona baada ya vita, kwenye stesheni ya treni Uingereza: mwanamume mwembamba aliyevaa glavu. Kwao hakurudi, maana nchi ilishikwa na wengine. Na ndege hakuirusha tena. Alifunga biskuti kiwandani mpaka akastaafu, na ndege ikipita juu yake hainui uso. Akafa kitandani, Konrad akiwa bado mtoto wa shule.

Basi hicho kifo ndicho Bibi Halina alichokisahau. Na Bwana Konrad, masikini, mtu mkweli kupita kiasi, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini humwinamia mama yake akamwambia: babu alikufa zamani, Mama. Loo! Kilio cha hapo usiombe kukisikia. Kilikuwa kilio cha kufiwa leo, kila siku leo. Halafu bibi hufuta machozi akaniambia, "Waongo. Hata mara ile walisema hivyo." Anarudi kutazama juu. Kitandani hataki kulala, anamngoja baba. Alisinzia kitini mpaka miguu ikavimba.

Nilivumilia, mwisho nikashindwa.

"Bosi, samahani," nikamwambia. "Habari ya msiba haisemwi hivyo."

"Isemweje?"

"Kwetu mtu kwanza anaumwa kidogo. Kesho amezidiwa. Halafu watu wanakuja, na ukiwaona wamekuja umeshajua mwenyewe."

"Huo ni uongo, Mwanamkuu."

"Siyo uongo, bosi. Ni kumshika mtu mkono akishuka ngazi."

Akachukua funguo za gari, akasema nifanye nijuavyo.

Kesho yake, swali lilipokuja, nikapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi, baba hajisikii vizuri." Akayatoa macho angani. "Mikono yake?" "Mikono, na kifua." Hakulia. Siku ya pili nikamwambia amezidiwa, naye akaomba shali nyeusi. Siku ya tatu nilitandika mkeka sebuleni, nikapika kahawa chungu, nikawaita Jerusha, Mkenya wa nyumba ya pili, na Fiona, Mganda anayefanya kazi mtaa wa nyuma. Waliingia taratibu, wakavua viatu, wakampa mkono mmoja mmoja. "Pole, Bibi."

Aliwatazama wote. "Amekufa," akasema mwenyewe.

Akalia, lakini kilio kingine, cha chini, cha kumwacha mtu aende. Jerusha akaninong'oneza, "Kwani huyu mzee alikufa lini?" Nikamwambia, "Nyamaza, ulie." Akalia kweli. Sijui alimkumbuka nani wake, aliyemzika kwa simu kama tunavyozika sote huku.

Bwana Konrad aliporudi akatukuta chini. Nikajisemea, leo kazi sina tena. Akavua viatu, akakaa mkekani na miguu yake mirefu hiyo, na mama yake akamweleza jambo kwa Kipolandi. Mwanamume mzima akaangua kilio.

Asubuhi yake Bibi Halina hakuuliza. Wala siku iliyofuata. Habari ilikaa, na wallahi nilifurahi, nikajiona nimeweza.

Aliomba kulazwa kitandani. Akalala, akageukia ukutani. Chakula alikula nilipomlisha, nikimtania alitabasamu, ila kiti cha roshani hakukiulizia tena, na kila siku alizidi kuwa mwepesi mikononi mwangu. Hakuwa na wa kumngoja. Kuna mchana niliosimama mlangoni ulimi ukiniwasha nimwambie: Bibi, wamekosea, yu hai, kama mara ile. Angeamka. Naapa angeamka akarudi kitini. Nikashindwa kumfanyia hivyo, na mpaka leo sijui kama nilishindwa kwa huruma au kwa woga.

Ijumaa moja, siku yangu ya kupumzika, nilikuwa mtaa wa Najma, dukani, nachagua kitambaa. Simu ikalia. Bwana Konrad.

"Mwanamkuu," akasema polepole. "Mama hajisikii vizuri leo."

Nikakiweka kitambaa chini. "Amezidiwa?"

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Bado," akasema. "Nitakupigia tena."

Alipiga nikiwa kwenye teksi, machozi yananitoka, dereva ameshazima redio. "Sasa amezidiwa kidogo," akaniambia, na sauti ikamkatika hapo kwenye kidogo.

"Haya, bosi," nikamjibu. "Asante kwa kunijulisha."

Nilipofika, Jerusha na Fiona walikuwa wamekaa sebuleni, na mkeka umeshatandikwa.