Nobu Imegota

Fundi wa bunduki za shabaha katika klabu ile aliitwa Milimita, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Ukikosea upana wa unywele mbele yake, umekwisha. Atakusimanga mpaka watu wa kantini wakuonee huruma. Siku ya mchujo aliyekalia kuti kavu alikuwa binti yake mwenyewe, kitinda mimba wake, aliyekuwa akigombea nafasi ya mwisho kwenye timu.

Shabaha za karibu binti alizitoboa katikati, moja baada ya nyingine. Ikaja ile ya mbali. Risasi ikienda mbali hushuka njiani, kwa hiyo mpigaji huzungusha nobu iliyo juu ya darubini, tik, tik, tik, ili anapolenga mtutu unyanyuke na kufidia mshuko huo. Binti akazungusha. Tik chache tu, nobu ikagota.

"Baba, haiendi," alinong'ona.

"Haiendi vipi? Umezidisha hesabu. Rudi mwanzo."

Akarudi, akaanza upya. Ikagota palepale. Hapo Milimita, aliyesimama nyuma yake, akamshushua mbele ya kocha na wapigaji wenzake wote.

"Darubini nimeifunga kwa mikono yangu hii. Chombo hakina tatizo, tatizo ni kichwa. Kama kuhesabu ni kazi, kaa nyumbani, usinitie aibu."

Binti akabaki kukisia, akalenga hewani juu ya shabaha. Risasi zote zikaishia mchangani. Kocha akasema majina ya timu atayatangaza kesho asubuhi, na kila mtu alijua la nani halitakuwemo.

Jioni, nyumbani, Milimita akaingia karakana yake, akaibana bunduki kwenye jiliwa, akaifungua darubini asije akaambiwa hakukagua. Chini yake kulikuwa na reli ya chuma, maalumu kwa shabaha za mbali. Reli hiyo ina ncha moja nene kuliko nyingine, na ile nene hukaa nyuma, upande wa jicho. Darubini ikiinama kidogo kwa mbele, nafasi ya nobu kupanda hubaki karibu yote kwa ajili ya mbali. Ukiifunga reli kinyume, nafasi hiyo huliwa mapema, unapoipima bunduki kwa shabaha ya karibu. Karibu utapiga vizuri tu, wala hutashtuka. Mbali ndiko utakwama.

Ncha nene ilikuwa mbele.

Aliipapasa kwa kidole gumba, akaipapasa tena. Akakumbuka siku aliyoifunga: kocha alikuwa ameketi palepale kwenye stuli, naye Milimita akimsimulia, huku akikaza skrubu na kucheka hadi machozi, jinsi fundi wa klabu nyingine alivyofunga reli kinyumenyume. Loo! Aibu ilimpanda hadi masikioni. Na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya kuliko kosa lenyewe: igeuze kimyakimya, nani atajua?

Akaigeuza. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho binti alipoingia na kikombe cha chai.

"Baba, nisamehe," alisema, macho chini. "Nimekutoa nishai mbele ya watu wako. Kesho nitamwambia kocha nimejitoa."

Milimita akakipokea kikombe, akakiweka kando. Chai aliyopewa hakuweza hata kuinusa. Akachukua bisibisi, akaifungua reli ile, akairudisha kinyume kama ilivyokuwa.

"Tazama. Hivi ndivyo nilivyoifunga mimi."

Binti alikulia karakana ile, hakuhitaji maelezo. Alipapasa ile ncha nene, akamgeukia baba yake.

"Mimi nilijiona mjinga kweli, baba. Na ulisema mbele ya watu."

"Najua, mwanangu."

Asubuhi, kabla majina hayajasomwa, Milimita alisimama mbele ya wote na ile reli mkononi, akasema alichofanya, na kwamba aliyeshindwa kazi jana ni yeye. Mtu wa nyuma akaguna, "Milimita!" Kicheko kikazuka, kikakaa muda mrefu. Alikivumilia chote, jasho likimtiririka mgongoni.

Kocha akaruhusu mchujo wa binti urudiwe. Reli ikafungwa inavyotakiwa, bunduki ikapimwa upya kwenye shabaha ya karibu, kisha binti akalala kifudifudi kwenye mkeka kuikabili ile ya mbali. Milimita akaanza kurudi nyuma polepole, ajifiche katikati ya watu.

"Baba," binti aliita bila kugeuka. "Simama palepale uliposimama jana."

Akasimama. Nobu ikaanza kulia, tik, tik, tik, ikafika pale ilipogota jana, ikapita, ikaendelea kupanda, na watu wote walikuwa wakiisikiliza.