Kidole Changu Bukhara

Usiku wa jana niliota nimeitwa shuleni kama mzazi, kwa sababu ya kidole changu cha pete. Barua ililetwa na dufu langu mwenyewe, lile ninalopiga kwenye maulidi hapa Wete miaka ishirini na sita. Liliitema mezani, likasema nisichelewe. Nikavaa buibui, nikafungua kabati la jikoni, maana njia ilipita humo, nikatokea Bukhara, mji wa Asia ya Kati, kwenye ua wa matofali wenye theluji ya asubuhi.

Mwalimu alikuwa doira, ngoma ya kule iliyo ndugu wa dufu. Alikaa juu ya mto, anakunywa chai ya kijani. Kando yake mpigaji wake, Bibi Oynisa, mwanamke wa makamo, alikuwa akipuliza makaa. Nikatoa salamu. Doira akauliza habari za nyumbani, za njiani na za kabatini. Nikajibu zote njema.

"Dufu lako ngozi ya nini, Bi Mwanakombo?"

"Ya mbuzi."

"Mimi kambare," akasema bila majivuno. "Kambare wa mto Amu."

Akaeleza kwamba kwao kila kidole husomeshwa peke yake. Nilidhani ni namna ya kusema tu. Hapo hapo vidole vya mkono wangu wa kulia vikashuka, vikatandika mkeka, vikakaa mstari mmoja. Sikuumia. Niliona haya, kwa kuwa kimoja kilikuwa na unga chini ya ukucha.

Kila kimoja kinaitwa mbele. Cha shahada kinapiga katikati ya ngozi, inatoka sauti nene: bum. Cha kati kinapiga ukingoni: bak. Kisha cha pete. Kazi yake ni kujibana nyuma ya mwenzake halafu kufyatuka, ukingo ulie kama kijiti kikavu kinachovunjika. Kinasimama. Kinainama. Hakijui.

"Mama yako hakukufundisha?" anauliza doira.

"Hajawahi kuniita kazini," kinasema kidole changu mbele za watu. "Ananibeba tu, kama pambo."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Kila mara shangazi yangu, aliyenifundisha dufu, aliponiambia nikifundishe kidole hiki, nilijibu wiki ijayo. Nikishajua vya kutosha kusifiwa, mimi huwa mvivu.

Doira akatoa hukumu: kidole kitabaki Bukhara mpaka kijue, hata iwe miaka arobaini. Nikamlilia Bibi Oynisa kwamba Ijumaa tuna maulidi, na mkono wa kupigia ninao huu mmoja.

"Usituombe sisi," akasema. "Kiombe radhi chenyewe."

Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nikapiga magoti kwenye theluji mbele ya kidole. Nikasema, "Nisamehe. Nilikudharau." Kisha kikauliza kama kinaweza kujaribu tena.

Bibi Oynisa anampasha doira moto, si karibu sana, anamgeuzageuza mpaka ngozi ikazike. Anambusu ukingoni, anamsimamisha usawa wa uso. Vidole vyangu vinapanda. Vinaanza kimoja kimoja, halafu vyote vinamwagika bila pengo, huwezi kusema pigo hili limeishia wapi. Cha pete kinajibana, kinafyatuka. Kimya. Kinarudia. Kimya. Mara ya tatu, kinalia.

Ngozi ikakumbuka kwao. Ukuta ukasogea kwa adabu, mto Amu ukaingia uani, mpana, wa rangi ya udongo, ukitembea kwa mapigo. Theluji ikasimama hewani. Matofali yakavuta pumzi. Nikalia machozi. Sikuwahi kujua kwamba ngoma nyembamba vile ina ukubwa ule ndani yake, na mimi nimempakata ndugu yake miaka yote.

Vidole vinne vikakimbia maji, vikarudi mkononi. Cha pete kilibaki katikati ya mto, juu ya ngozi, kinapiga. Nikakiita. Hakikugeuka.

Nikaamka kumekucha, nimekunja ngumi. Mume wangu Hamad, mtu asiyesifu hovyo, alikuwa anakunywa chai kitandani. Niliogopa kufungua mkono. Nikafungua taratibu.

Vitano. Vinne vikavu. Cha pete kimelowa, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa, na kinanuka kambare, samaki ambaye nyumba yetu haijawahi kumpika. Nikakiweka kwenye ubao wa kitanda. Kikajibana nyuma ya mwenzake bila mimi kukiambia, kikafyatuka.

Hamad akashusha kikombe.

"Rudia," akasema.