Gauni la Msichana wa Kwanza

Sare ya shule ile haikutoka getini. Ndivyo alivyoamuru bibi aliyeianzisha, mjane mwenye rula mkononi, na hata alipokufa hakuna aliyethubutu kuligusa neno lake. Siku ya kufunga shule wasichana walivua magauni yao ya bluu, wakayakabidhi kwa matroni stoo, wakaenda makwao na nguo za nyumbani. Wenye baba zao waliagiziwa mapya kila mwaka. Wa ufadhili walivalishwa yaliyoachwa na waliohitimu, na wakishukuru kwa sauti ndogo matroni aliwaambia washukuru tena, hakusikia.

Njiti alikuwa wa ufadhili. Jina hilo alibandikwa bwenini kwa wembamba wake, na la kuzaliwa likasahaulika. Gauni lake lilikuwa limepita migongo mingi: limepauka kwapani, limetiwa kiraka mgongoni, pindo limeshushwa hata halina tena pa kushukia. Mama yake, mfagiaji wa hospitali, hakuwahi kumwona nalo, kwani wazazi waliishia getini. Kila likizo aliuliza, "Hivi wewe ukivaa sare unakuwaje?" Njiti akamsimulia gauni la binti wa kitanda cha jirani, jipya, lenye kola nyeupe pe. Mama alisikiliza kwa raha zake, akaomba asimuliwe tena.

Shule ilipotimiza miaka hamsini, wazazi wakaalikwa ndani. Mkuu wa shule akatangaza gwaride la historia ya sare, kila zama na gauni lake, na Njiti akateuliwa kuwa msichana wa kwanza. Wenzake wakanuna.

"Maskini akipata!" alisema mmoja, na bweni zima likaimalizia methali kwa kicheko.

Njiti hakujali. Gauni la kwanza kabisa alilijua, lilikuwa ofisini kwa mkuu ndani ya kabati la kioo, limenyooka, na vifungo vyake viking'aa. Akaazima simu ya matroni. "Mama, njoo. Utaniona na sare nzuri kuliko zote."

Asubuhi ya sherehe alinawa mikono na kuinawa tena, asije akalichafua, akaenda ofisini. Mkuu alimtazama juu mpaka chini.

"Vua viatu. Na tai, na mkanda."

"Na gauni, mwalimu? Nibadilishie hapa?"

"Gauni gani?"

"La kwenye kioo."

Mkuu akacheka, tena bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma. "Lile lichanike? Tumekuchagua wewe kwa sababu hilo lako linatosha. Tungepata wapi jingine lililochakaa hivyo?"

Matroni akaongeza lake: "Nguo ya kuazima, binti yangu, haisitiri matako." Akamsukuma nje kwa upole.

Ukumbini mkuu alishika kipaza sauti. "Ndugu wazazi, hivi ndivyo walivyovaa wasichana wetu wa kwanza. Tazameni tulikotoka!" Njiti akaingia pekupeku, peke yake, na watu wazima waliosoma wakaangua kicheko. Bibi wa watu, mwanzilishi aliyepiga wasichana rula kwa kifungo kimoja kilicholegea, leo alisingiziwa matambara ili wageni wachangamke. Hiyo ndiyo historia waliyoiandaa.

Njiti akamtafuta mama yake. Alikuwa safu ya nyuma, anacheka. Anacheka kuliko wote, anafuta machozi, anamgusa jirani yake na kumwonyesha kwa kidole: yule pale, wangu mimi.

Baadaye, uani, mama alimkumbatia huku bado akitweta. "Mbavu zangu, mwanangu! Eti nzuri kuliko zote! Kumbe mlitaka kutuchekesha tu. Hilo dude wamelifukua wapi? Hata deki sipigii."

Njiti akatabasamu. Angefanya nini?

"Haya, kimbia kavae la kwako. Lile la kola nyeupe. Mpiga picha huyu hapa, nimeshamshika."

Binti wa kitanda cha jirani alikuwa amesimama karibu na baba yake, anasikia kila neno.

"La kwangu liko kwa dobi, mama."

"Leo? Siku ya leo hii?" Uso ukamshuka. Akalitazama gauni lile kwa kinyaa, akaachia mkono wa mwanawe, akamgeukia mpiga picha. "Acha tu, baba. Siwezi kumtundika mtoto wangu ukutani akiwa hivi."

Mpiga picha akamwendea yule binti wa kitanda cha jirani, aliyekuwa tayari.