Babu Osmund Hakuvaa Suti

Siku iliyofuata mazishi, mchana, Benigna anajilaza kwenye mkeka ndani ya chumba cha babu yake, akijiambia atafumba macho kidogo tu, maana uani wali haujaiva na marafiki zake wa chuo waliosafiri kuja kumpa pole wamekalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Anafumba macho na mkeka unakuwa barabara. Ukili unalegea, unatanuka, unageuka njia nyekundu inayokwenda mbele na kurudi mbele, kwa sababu kila akitazama nyuma anakuta nyuma ni mbele palepale, na kandokando zimesimama nyumba zilizoipa njia mgongo, kuta zake zote vioo. Katika kila kioo yumo babu yake. Lakini ni yule wa picha ya jeneza, yule ambaye kijana wa studio alichukua kichwa chake kwenye picha ya zamani akakipandikiza juu ya suti nyeusi na tai, na aliyeomba ni Benigna mwenyewe, alisema anataka babu aonekane nadhifu. Babu wa vioo hacheki. Anamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuomba kazi.

Kuna mtu anatembea ubavuni mwake. Kofia anayo, koti analo, uso hana. Pale pa uso pako laini kama kitako cha sahani. Shikamoo, anasema Benigna, kwa kuwa amelelewa hivyo. Marahaba, mjukuu wa nani wewe? Wa mzee Osmund Mbano. Alikuwa anafanya kazi gani? Na Benigna anayasema yale aliyoyaandika kwenye wasifu wa marehemu, yaliyosomwa kanisani rafiki zake wakisikia: alikuwa mkandarasi wa miundombinu. Papo hapo barabara inarefuka, nyumba zinazaa nyumba, suti kwenye vioo zinazidi kung'aa. Basi humtafuti huyu ninayemjua mimi, anasema asiye na uso. Ninayemjua mimi alijenga chumba ambacho watu hukiingia kwa haraka na hakuna anayemkaribisha mgeni ndani yake. Kitegue kitendawili hicho.

Jibu analijua, limekaa mdomoni kama tonge la moto. Osmund alichimba vyoo. Maisha yake yote, umande haujakauka, beleshi begani na sururu mkononi, alishuka ardhini mpaka asionekane, na humo chini akawa anapiga soga na kila anayepita. Mama mwenye nyumba, aliita, njoo uone ofisi yangu, hakuna bosi anayetamani kiti changu. Mwalimu mkuu alipokuja kukagua shimo la shule, alimwambia, mwalimu, wote hao wanaosimama ukiingia darasani, kwangu watachuchumaa, na wewe utachuchumaa. Kwa mashimo hayo Benigna alivaa sare, kwa mashimo hayo alivaa joho. Na jana makaburini, Bi Kihwele, Mhehe, mtani wa babu, alipojifunga kanga kiunoni na kunyakua beleshi ili amwigize marehemu kama watani wanavyofanya misibani, akisema leo tumewashinda tena, Wangoni wamepungua mmoja, ni Benigna aliyemshika mkono. Bibi, tafadhali, hapa kuna wageni. Bi Kihwele akalitua beleshi chini. Hakuna aliyecheka. Babu akafukiwa kwa ukimya, kama mtu aliyeokotwa njiani asiyejulikana kwao.

Choo, anasema Benigna sasa, na sauti inatoka ndogo. Sijasikia. Vyoo, babu yangu alichimba vyoo. Barabara inakatika miguuni mwake na pale ilipokatika pana shimo lenye kingo zilizonyooka vizuri, na kulizunguka wameketi watu waliovaa majoho, nyuso hawana, lakini kwa namna wanavyokunja miguu anawajua, ni rafiki zake. Kutoka chini kabisa inapanda sauti ya beleshi. Babu, anaita. Beleshi linanyamaza. Nani huyo ananikatia mwanga? Ni mimi, Benigna. Benigna yupi, inajibu sauti ya babu, ninayemjua mimi babu yake ni mkandarasi. Mwambie akimaliza barabara zake anichongee na ya kutokea huku. Hana kinyongo, anatania tu kama kawaida yake, na hilo ndilo linalomchoma Benigna. Panda juu, babu. Nipande na uso upi, mjukuu wangu? Mlionipa ni wa studio, haujui kucheka.

Jua likivifikia vile vioo, anasema asiye na uso, wa suti ndiye atakayebaki, na siku ukimkumbuka babu yako utamkumbuka huyo. Mwiteni Bi Kihwele, anasema Benigna. Ulimnyamazisha, anaambiwa. Na tangu lini mjukuu akaacha kuwa mtani wa babu yake? Jua linashuka. Benigna anavua viatu, anajifunga kanga juu ya gauni lake, anaokota beleshi mbele ya wale wenye majoho. Maneno ya kwanza yanatoka kwa sauti yake mwenyewe. Masikio yanawaka kwa aibu. Anajaribu tena, safari hii kwa sauti ya babu, ile ya mikwaruzo iliyopitia puani. Hodi huko juu, wasomi. Nashusha ngazi, nani anakuja kunisaidia? Naona wote mmekumbuka mna mkutano. Halafu shimoni kitu kinakohoa, kikohozi kinavunjika, kinakuwa kicheko, na babu wa vioo mmoja baada ya mwingine wanalegeza tai. Mkono wenye kucha nene unashika ukingo wa shimo. Benigna anauinamia, anataka kuuona uso unaofuata, na macho yanafumbuka.

Mkeka ni mkeka. Anatoka nje akiyumba, moja kwa moja hadi kwenye masufuria anakosimama Bi Kihwele. Bibi, nilikukosea jana, naomba umwigize babu, hata kama ni leo. Bi Kihwele anamtazama kuanzia miguuni. Nimwigize tena ya nini, na wewe kazi umeshamaliza? Si sasa hivi umeshuka kwenye shimo la taka, katekista akamwaga chai kwa kucheka? Nilikuwa nimelala, bibi. Umelala wapi, Mngoni wewe, na miguu imejaa udongo hivyo. Benigna anageukia turubai. Rafiki zake wanapangusa macho, wamempa jua mgongo, nyuso zao hazionekani, na hajui wanalia au wanamcheka, wala hajui kama yuko kwenye mkeka au hapa. Aibu inampanda mpaka shingoni. Ila sehemu moja ulikosea, anasema Bi Kihwele, akimkabidhi beleshi. Osmund hakushika mpini bila kutema mate viganjani. Benigna anavitazama viganja vyake laini, anawatazama wale wa chini ya turubai, na anatema.